Mizizi Ndani ya Supu Yangu

Baada ya damu kuganda mguuni mwangu, nilipewa vidonge vya kuifanya iwe nyepesi, na nikawa naenda kliniki ya Upper Hill mara kwa mara kupimwa isije ikawa nyepesi kupita kiasi. Mume wangu hunisindikiza. Dada yangu mkubwa alihamia kwetu Waithaka kunitunza. Kila Jumamosi alinunua mifupa machinjioni kule Dagoretti akaichemsha kutwa nzima, jinsi kwetu tunavyomchemshia mgonjwa au aliyejifungua. Supu hiyo ilikuwa chungu. Nilidhani ni ulimi wangu ulioharibiwa na dawa, nikanywa na kushukuru.

Kisha fizi zikaanza kutoa damu. Mapaja yakajaa alama nyeusi, kama za mtu aliyepigwa. Nilipopimwa, damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi, na daktari akakasirika.

"Mama, unameza vidonge mara mbili? Ama unakunywa dawa ya miti?"

"Sijakunywa, daktari. Haki ya Mungu."

Akanilaza. Alisema ningejigonga kichwa tu, ningevuja damu ndani kwa ndani hadi nife.

Jioni dada alikuja wodini na supu, mume wangu akiwa kando ya kitanda. Alipomimina, vipande vya mzizi vikadondoka kikombeni. Nikamuuliza ni nini.

"Si ni dawa tu! Watu wa university walikuja kanisani, wakasema wamekamua hii kitu, wakaweka kwa damu, ikakataa kuganda. Si hiyo ndiyo unataka?"

Damu yao ilikuwa kwenye chupa ya maabara. Yangu ilikuwa mwilini, tena imeshajaa vidonge. Watafiti wenyewe walisema bado wanachunguza, lakini sehemu hiyo dada hakuijali. Huo mzizi sina ugomvi nao. Huenda siku moja ukawa dawa kweli, na nitafurahi. Ni dada aliyeniumiza. Nilikuwa namwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Hata bwana yako alisema utakataa."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Niliona haina shida," akasema.

Alikuwa ameketi kando yangu nikiapa mbele ya daktari, bega kwa bega, na hakufungua mdomo. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Dada alirudi kwake. Siku hizi najipikia. Mume wangu bado hunisindikiza kliniki, na daktari akianza kuuliza maswali, mimi humwomba mume wangu atoke nje kwanza.