Sura ya Mwisho, Msimu wa Matango

Habari njema ilimkuta Marlys Tollefsrud ameinama kwenye tuta la maharagwe, kiuno kinamuuma na mbu anamnyonya shingoni. Simu ililia ndani ya mfuko wa aproni. Alijifuta udongo mapajani, akaisoma barua pepe mara moja, akairudia, kisha akakaa kitako palepale katikati ya maharagwe.

Mhariri mmoja wa jiji la Saint Paul, Bi Wendt, alikuwa amezisoma sura tatu za kwanza za riwaya yake. Alizipenda. Aliuomba mswada mzima, ukiwa umekamilika, kabla ya Agosti kwisha.

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nne Julai, na mswada haukuwa umekamilika.

"Wee Marlys!" Sauti ya mama mkwe wake ilitoka kibarazani. "Umeanguka?"

"Hapana, Mama. Nimekaa tu."

"Umekaa kwenye maharagwe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ukishachoka kuyakalia, yachume."

Akayachuma. Ndoo mbili zilijaa, na mstari wa tatu hajaugusa.

Marlys alikuwa na miaka hamsini na minane. Miezi tisa ya mwaka alikuwa mpishi wa shule pale Nordby, mji mdogo wa kusini mwa Minnesota, akiwapikia watoto mia tatu macaroni na viazi vya kuponda. Shule ikifungwa mwezi wa sita, watu walimwambia, "Sasa wewe unapumzika," naye alicheka kwa adabu. Kiangazi ndicho alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya kuandika. Hiki kilikuwa cha sita. Lakini kiangazi hichohicho ndicho ambacho bustani ilikuwa imekitaka tangu zamani, na bustani haikuwa na aibu ya kudai chake. Mwezi wa sita ni stroberi na jemu. Mwezi wa saba ni njegere, maharagwe, na matango ya kwanza. Mwezi wa nane vitu vyote huiva kwa pamoja, kana kwamba vimekula njama. Mumewe, Delmar, alilima mahindi na soya ng'ambo ya barabara, na hiyo ndiyo aliyoiita kazi. Bustani aliiita burudani. Kila mwezi wa tano aliiburudikia siku mbili kwa kupanda miche arobaini na miwili ya nyanya, kama marehemu baba yake alivyofanya, halafu akapanda trekta lake na kutokomea.

Jioni ile ya barua, wakiwa mezani, Marlys alimwambia.

"Ala!" Delmar aliweka uma chini. Uso wake ulifurahi kweli. "Hongera, mke wangu. Bado nini?"

"Sura ya mwisho. Na ile ya kabla yake. Na kusahihisha zote."

"Aa, basi si nyingi." Akachukua kiazi kingine. "Ila ujue ile karamu ya kanisa ni tarehe kumi mwezi wa nane. Pastor ameniuliza kama saladi ya viazi ni wewe tena. Nimemwambia ndiyo."

Marlys alimtazama. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Alijaribu kuamka saa kumi na moja alfajiri. Siku ya kwanza alikuta mama mkwe wake, Bi Ardis, ameshakaa mezani na chai yake, magoti yamevimba, anataka kuzungumza habari za mtu aliyekufa mwaka uliopita. Bi Ardis alikuwa na miaka themanini na sita, na tangu avunjike nyonga alihamia kwao na kiti chake na maoni yake. Siku ya pili Marlys alijificha ndani ya gari, nyuma ya banda la mashine, vioo vimeshushwa, kompyuta juu ya usukani. Aliandika nusu ukurasa. Kisha jirani yao Corrine akatokea amekumbatia mamumunye matano makubwa kama watoto wachanga, akachungulia dirishani.

"Shoga! Nilikuwa nakuwekea haya kwenye kiti, nikajua gari halina mtu."

"Corrine, nina yangu thelathini."

"Na mimi nina sitini, mwenzangu. Nionee huruma."

Akayaweka kwenye kiti cha nyuma, akaondoka upesi kabla hajarudishiwa. Marlys aliitazama ile sentensi aliyoiacha katikati. Hakukumbuka tena ilikuwa inakwenda wapi.

Riwaya yenyewe ilimhusu mwanamke aitwaye Thea, mke wa mkulima katika miaka ya ukame, ambaye asubuhi moja anafunga sanduku na kuiacha nyumba yake asirudi. Mambo yote ya kabla ya asubuhi hiyo Marlys aliyaweza. Vumbi alilijua, ng'ombe waliokonda aliwajua kwa kusimuliwa, ukimya wa mume mezani hakuhitaji kusimuliwa. Lakini kila alipomfikisha Thea mlangoni, mwanamke yule aligeuka mwanasesere. Alitoka, akatembea, jua likachomoza. Marlys alikuwa ameiandika sura hiyo mara nane, na mara zote nane ilikuwa imekufa.

Joto la Agosti lilipoingia, jikoni kukawa hakukaliki. Sufuria kubwa ya kuchemshia chupa za achari ilikuwa motoni tangu asubuhi hadi alasiri, siki ikichoma macho, sakafu inanata. Marlys alisugua matango, akayapanga kwenye chupa pamoja na vitunguu saumu na mbegu za haradali, akafunga, akachemsha, akatoa, akaanza tena. Miguu ilimvimba ndani ya viatu. Alipokuwa akimenya viazi vya saladi ya kanisa, kilo kumi na tano, sentensi zilimjia moja baada ya nyingine, nzuri kabisa, na mikono ilikuwa imelowa. Alipoifuta na kuifuata kalamu, zilikuwa zimeondoka.

Siku tatu baada ya karamu, sentensi moja haikuondoka. Aliishika, akaenda nayo kibarazani, akaketi kwenye ngazi kuiandika. Dakika tano tu, alijiambia. Ikazaa nyingine, na nyingine. Aliposikia mlio jikoni, robo tatu ya saa ilikuwa imepita. Maji yalikuwa yamekauka, chupa nne zimepasuka, na achari ya asubuhi nzima imeungua chini ya sufuria.

Delmar ndiye aliyeingia wa kwanza, akija kula. Alisimama katikati ya moshi, kofia mkononi.

"Kumetokea nini?"

"Nilikuwa naandika."

"Marlys, ungeichoma nyumba."

"Najua."

"Hicho kitabu si kingengoja mpaka msimu uishe? Matango hayangoji."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na pengine ndiyo maana yalimwingia hivyo. Marlys aliweka kitambaa juu ya meza taratibu.

"Kimengoja miaka sita, Delmar. Kila mwaka matango hayangoji. Kila mwaka nyanya hazingoji, wageni hawangoji, Pastor hangoji. Kinachongoja katika nyumba hii ni mimi peke yangu. Nimechoka. Sikwambii nimekasirika. Nakwambia nimechoka."

Delmar aliweka kofia yake juu ya meza. Kisha akachukua ndoo na kuanza kuokota vioo, polepole. Chakula cha mchana kilikuwa mkate na jibini, na kila mmoja alikula akitazama sahani yake.

Alasiri Bi Ardis alimwita Marlys chumbani kwake.

"Zilete hizo karatasi."

"Karatasi gani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Hizo zilizonikosesha achari."

Marlys alisita. Katika miaka sita hakuwahi kumwonyesha, na mama mkwe wake hakuwahi kuuliza. Alichapisha sura mbili za mwisho, akampelekea, akarudi kusugua sufuria. Alisugua kwa saa nzima. Aliposikia fimbo ya mama mkwe wake ikigonga sakafu kuja jikoni, aliiweka sufuria chini.

Bi Ardis aliketi mezani, miwani puani.

"Unaandika vizuri," alisema. "Mwanzoni nilidhani utakuwa unatuandika sisi. Sasa huyu Thea wako. Hapa ametia mkate ndani ya oveni. Ukurasa wa mbele anachukua sanduku anaondoka."

"Ndiyo."

"Na mkate?"

Marlys aliuchukua ukurasa, akautazama.

"Hakuna mwanamke anayeondoka mkate ukiwa motoni, mwanangu. Hata kama anamchukia mtu aliye ndani ya nyumba. Angengoja uive. Na ukishaiva, angesubiri upoe aukate. Na hapo ndipo pana kitabu chako, hapo anapongoja. Mlangoni hapana kitu."

"Umejuaje, Mama?"

Bi Ardis alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwaka sitini na moja nilifunga sanduku. Delmar alikuwa na miaka miwili. Dada yangu alikuwa Duluth, alisema njoo. Lakini nilikuwa na pipa la matango kwenye maji ya chumvi. Nikasema nitaondoka nikishayatia chupani, siwezi kuyaacha yaoze. Yalipokwisha, nyanya zikawa zimeiva. Nikasema basi, baada ya nyanya. Halafu viazi. Halafu theluji ikaanguka, barabara ikafungwa." Akavaa miwani. "Wakati wa kupanda nikalifungua sanduku, kwa sababu nilihitaji soksi."

Nje trekta liliunguruma, likanyamaza. Marlys hakujua aweke wapi mikono yake. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amemwona mwanamke huyu kama jiwe la msingi wa nyumba, kitu kisichowahi kutaka kwenda popote.

"Ulijuta?"

"Kuna siku nilijuta, kuna siku sikukumbuka. Mume wangu hakuwa mbaya. Alikuwa hanioni tu."

"Mama, nikiomba kuiandika hii..."

"Utaiandika hata nikikataa, nakuona macho. Iandike. Ila Delmar asiambiwe ni mimi. Na huyo mwanamke usimfanye mrembo."

Asubuhi iliyofuata Bi Ardis alisogeza kiti chake hadi katikati ya jiko, akaweka beseni la maharagwe mapajani, akaanza kuyavunja. Delmar alipoingia kuchukua chai, mama yake alimnyooshea fimbo.

"Wewe. Kaa hapa."

"Mama, nina kazi shambani."

"Mahindi yanakua yenyewe, nimeyaona tangu nizaliwe. Hizi nyanya ulizipanda wewe. Osha mikono."

"Sijui kuzimenya."

"Mkeo naye hakuzaliwa anajua. Unazitia kwenye maji ya moto, unazitia kwenye baridi, ganda linatoka. Hata wewe utaweza."

Wiki ile Delmar alimenya nyanya. Alizimenya vibaya, akaungua vidole viwili, akajaza ukuta mbegu. Alipika soseji siku nne mfululizo, na siku ya tano akakaanga mayai. Magugu yalimeza karoti. Mamumunye yalikua makubwa kama miguu ya mtu, na hakuna aliyeyashughulikia. Marlys alifunga mlango wa chumba cha kufulia, akaweka kompyuta juu ya mashine, akaandika kuhusu mwanamke anayengojea mkate uive.

Haikumjia kwa wepesi kama wanavyodhani wasioandika. Mgongo ulimuuma vilevile. Siku nyingine alilala juu ya kibodi na kuamka ana alama za vitufe shavuni. Mara mbili alitoka mwenyewe kwenda kuosha vyombo kwa sababu hakuweza kuvumilia kuviona, na mara zote mbili Bi Ardis alimrudisha. "Toka! Nani kakuita?" Lakini Thea alipumua. Aliketi mbele ya oveni yake, sanduku miguuni, akahesabu dakika, na Marlys alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba sasa ni kweli.

Aliutuma mswada tarehe tatu Septemba, siku tatu zikiwa zimezidi, pamoja na kuomba radhi. Kesho yake shule ilifunguliwa, akarudi kwenye macaroni.

Jibu lilikuja katikati ya Novemba, wakati wa mapumziko ya saa nne, naye amesimama kando ya mashine ya kuoshea sahani. Watakichapa. Mwaka huu hapana, wala ujao, bali wa tatu. Na kwanza, Bi Wendt aliandika, apunguze kurasa sitini hivi, hasa katikati, ambako alihisi mwandishi alikuwa na haraka ya kwenda mahali pengine. Sura ya mwisho isiguswe hata nukta.

Marlys alingoja furaha ije. Ilikuja kidogo, kama joto la chai kifuani, na nyuma yake uchovu ukaja mzima mzima. Kurasa sitini! Alirudi nyumbani, akamwambia Delmar, ambaye alimkumbatia hadi miguu ikaacha sakafu, kisha akaenda chumbani kwa mama mkwe wake.

"Wamekubali, Mama."

Bi Ardis alikuwa amelala nusu. Alifungua jicho moja.

"Wamesema nini kuhusu yule mwanamke?"

"Wamesema asiguswe."

"Vizuri," alisema, akalifunga jicho. Baada ya muda akaongeza, "Nenda kalale, Marlys. Una sura ya mgonjwa."

Hakulala. Aliketi ukingoni mwa kitanda chake na koti bado mwilini, akautoa mswada mkobani, akatafuta penseli. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ulikuwa na aya nzima ya mawingu. Aliisoma, akaona haina kazi, akaipiga mstari.