Mzee Aliyekataa Kuandikwa Mgonjwa

Kila Jumatatu askari magereza alipita akiandika wagonjwa wa kupelekwa zahanati, na kila Jumatatu Mzee Ambwene alitazama kando. Alikuwa na miaka sitini na minane, na mkojo ulimtoka kwa matone. Aliinama kwenye matuta ya mahindi ya shamba la gereza, jasho likimtiririka, akisema ni mgongo tu. Alifungwa kwa ajili ya magunia mawili ya sukari, iliyokuwa adimu miaka ile, yaliyokutwa chini ya kitanda chake mjini Sumbawanga. Mlanguzi, wakamwita, na waliomkamata walikunywa chai tamu jioni ile ile.

Leonardi, mfungwa mwenzake, Mfipa wa kijiji cha Kate, alidhani mzee anaogopa sindano. Hakujua kwamba nesi wa zahanati ile, aliyebaki peke yake tangu mganga ahamishwe, alikuwa Atusaye, mke wa Suma, mwana pekee wa Ambwene. Kwao Rungwe mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hapiti alipo. Miaka tisa ya ndoa hawakuwahi kusemezana. Sasa mzee akamvulie kaptula? Katika nchi iliyohubiri kuwa sote ni ndugu, mzee huyu hakupata hata dresa, mfunga vidonda tu, aliye mwanamume wa kumsitiri.

Mwishowe mkojo ulikatika kabisa. Tumbo likavimba, likawa gumu. Nyapara akasema anakwepa jembe. Kesho yake akaanguka shambani. Gari la gereza lilikuwa juu ya mawe, halina matairi, na hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo wafungwa wenzake wakambeba kwa machela hadi zahanati, naye njia nzima akiwasihi wamrudishe.

Atusaye alipomwona alikimbilia nyuma ya mlango, kama alivyofundishwa na mama yake. Akalia huko, huku askari akimfokea kwamba mtu anakufa. Kisha akatoka. Alimfunika mzee uso kwa khanga yake, akachemsha mpira wa kutolea mkojo, akafanya kazi yake. Beseni likajaa.

"Nisamehe, baba," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkwewe tangu aolewe.

Chini ya khanga mzee aligeuzia uso ukutani. Maumivu yalikuwa yamekwisha, na aibu ikapata nafasi yote.

"Ungeniacha nife na heshima yangu, mama," akajibu. "Sasa nikifunguliwa, na mwanangu ni Suma peke yake, nitakwenda kukaa kwa nani?"