Kampa ya Shemasi na Mstari Nilioruka

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la mstari mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiwasomea watu wazima karatasi ya Kiingereza, nikafika mahali nisipopaelewa, nikaruka. Niliruka kwa sauti ile ile, bila kukohoa. Nakuambia mapema, rafiki yangu, usije ukanionea huruma kabla hujajua.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimelala chini ya kampa hapa Louisville. Kampa ni nyumba ya magurudumu ambayo watu wa hapa huivuta wakienda likizo. Hii ilikuwa ya aina ile kubwa, ambayo shingo yake hupanda na kukaa ndani ya pikapu. Mwenyewe alitaka nimfungie chuma cha kuvutia kwa nyuma, ili kampa ifuate gari na mashua yake ifuate kampa. Kazi hii ya trela sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kusoma, kwa kutazama video, kwa kufungua na kufunga tena, na mpaka leo kila bolti naikaza, naondoka, halafu narudi kuijaribu mara ya tatu. Lakini kazi ya kufunga chuma nyuma ya kampa kama ile nilikuwa nimeikwepa miaka yote. Kila mara nilipata sababu. Siku hiyo sikuipata.

Nikamulika taa kule mwisho kabisa. Karibu na ekseli fremu ni nene kama Biblia. Kadiri unavyorudi nyuma inakonda, na pale bampa inapofungwa ni bati lililokunjwa tu. Bampa yenyewe ni boksi tupu la kuwekea bomba la maji machafu. Niligonga kwa kidole. Ikatoa sauti ya kopo.

Niliganda. Nilikuwa nimesoma habari hii mara nyingi, ila kusoma ni kusoma. Taa ikaniponyoka, ikaniangukia kifuani. Kumbe tulifanya hivi! Tulifunga trela hapa, kwenye kopo, tukaomba Mungu, tukaingia barabarani na watoto wachanga.

Wakati ule wa miaka yangu kumi na miwili tuliishi Buffalo, mtaa wa West Side, ghorofa ya pili ya nyumba ya mbao iliyokuwa ikiongea. Kila ngazi ililia kwa sauti yake, na kwa kilio hicho ungejua nani anapanda: baba akitoka kiwandani, mama akitoka kuhudumia wazee, bibi akirudi kanisani na viatu mkononi kwa sababu miguu imevimba. Majira ya baridi tulibandika plastiki madirishani, na upepo wa ziwani uliivuta na kuiachia kama mtu anayepumua. Harufu ya ndagala, dagaa wetu wakavu, ilikaa kwenye makoti yetu hata ukiyafua. Lakini nikiikumbuka nyumba ile, nakumbuka kwanza meza yake, siku ya Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku ya karatasi. Watu wa kanisa letu, wengi wao kutoka Uvira, kule Kongo, na milima iliyo juu yake, walikuja na barua za juma zima ndani ya mifuko ya plastiki: za shule, za hospitali, za mwenye nyumba, na za matangazo ya pizza pia, maana nani angejua ipi ni ipi. "Macho yetu, njo," bibi aliniita, akinisogezea kiti na sahani ya mandazi. Hilo ndilo lilikuwa jina langu, macho yetu. Nilikuwa na rula. Niliiweka chini ya mstari, nikausoma kimya, nikausema kwa Kiswahili, nikaishusha. Watu wazima walinyamaza kama wakati wa mahubiri. Mama mmoja aliwahi kusema, "Uyu mutoto, hata akisoma kwamba niruke kwa dirisha, mi nitaruka!" Watu wakacheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikasali nisije nikakosea.

Shemasi wetu alikuja kila Jumamosi hata asipokuwa na barua. Kwao Uvira alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa milango ya chuma yenye maua. Buffalo walimpa kazi ya kupanga maboksi, lakini mashine yake ya kuchomelea aliiweka kwenye banda nyuma ya nyumba yetu, na jioni za kiangazi tulisikia ikilia kama mafuta kwenye kikaango. Alikuwa amechomelea mikono ya ngazi zetu, na viti vya kwaya, na kitanda cha mtoto wa jirani. Akimaliza hugonga kwa nyundo na kuinamisha sikio. "Chuma kizuri kinaimba," alituambia. "Kibaya kinakohoa." Kisha hutugongea tena tusikie wimbo.

Mwaka ule baba na shemasi walipata kazi kwenye ghala moja huku Louisville, na nyumba zilikuwa bado hazijapatikana. Shemasi alikuwa na pikapu kubwa. Jirani mmoja mzee, Mmarekani aliyechoka na safari, akamuuzia kampa yake kuukuu, ya aina ile ile ya shingo, ili familia zetu mbili zikae humo wiki za mwanzo. Ikabaki trela ndogo ya vyombo vya kwaya: ngoma, spika, kinanda, na mabegi ya watu ambao hawakutaka kuacha hata sufuria. Gari la baba lilijaa watoto na halikuwa na nguvu ya kuvuta. Basi ikaamuliwa trela ifungwe nyuma ya kampa. Chuma cha kuvutia kikaletwa kipya, ndani ya boksi, na karatasi yake.

"Bon, macho yetu," shemasi akasema, kwa 'bon' na 'donc' zake za Kifaransa, yaani haya na basi, akiifungua karatasi juu ya meza. "Inaandika nini?"

Niliweka rula. Nilisoma nambari zote, nikazigeuza kutoka ratili kuwa kilo, nikazihakiki mara mbili kwa penseli.

"Donc inaweza vuta trela yetu?"

"Hata mbili kama hiyo," nilisema.

"Unasikia?" baba akafurahi. "Wamarekani wanajua kutengeneza."

"Wamarekani gani?" shemasi akamkatiza. "Ngoja kwanza mkono ya Uvira ikamatishe hicho kitu, ndio utaona!"

Wakacheka, wakagonganisha mikono. Nikashusha rula kwenye mstari unaofuata, na pale nikakwama. Ulikuwa mrefu, una maneno matatu nisiyoyajua, na sentensi yenyewe ilijizungusha kama nyoka. Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikashusha rula mistari miwili kwa mpigo.

Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu. Alinyoosha kijiko chake. "Na hapa? Umepita mahali."

"Wanasema kifungwe vizuri," nikajibu.

"Aa!" shemasi akapiga meza. "Hiyo hata bila karatasi tunajua!"

Siku mbili alichomelea kile chuma kwenye bampa, na kwa umakini ambao sijauona tena. Alipogonga kwa nyundo, kiliimba. Nilikikunja kile kikaratasi mara nne, nikakitia mfukoni, na sikukitoa mpaka Columbus.

Columbus tulilala kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyekuwa amepanga nyumba mtaa wa Clintonville. Tulipokelewa na maharage na wali, na mito sakafuni. Binamu yangu wa kike alikuwa shule ya sekondari na alijua Kiingereza cha kweli, sio cha rula. Nilimpa karatasi nikijifanya ni kazi ya shule. Aliusoma ule mstari akiwa amelala kwenye kochi, simu tumboni.

"Inasema hiki chuma hakiwezi kuwa na nguvu kupita kitu mulichokifunga juu yake," akaniambia. "Na fundi wa kampa aangalie fremu kwanza. Mumekifunga wapi?"

"Kwa bampa."

Akainuka, akakaa. "Bampa?"

Sikulala vizuri, lakini hiyo si habari. Nilikuwa mtoto asiyelala vizuri. Habari ni asubuhi. Tulishikana mikono kuzunguka magari, wenyeji na wasafiri, na shemasi akaomba ombi refu la safari. Mwishoni akamshukuru Mungu kwa watoto wanaosoma. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kila uso pale ulinitazama kwa upendo, na mimi sikuweza kuwa mtoto aliyekosea mbele ya nyuso zile.

Badala yake nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nasimama popote nilipo. Bibi alikuwa apande pikapu na shemasi, mahali pana pa kunyoosha miguu. Nilidhani kikivunjika kitu, hatari itakuwa kule mbele, kwenye kile kinachovuta. Nikamshika mkono nikalia, "Koko," ndivyo tulivyomwita bibi, "njo ukae na sisi." Wakasema ninadeka. Bibi akaja, akakaa mbele karibu na baba, katika gari lililokuwa likifuata nyuma ya trela.

Haukupita mwendo mrefu baada ya Columbus. Kampa ya aina ile ikipita kwenye tuta, mkia wake hurukaruka, na kila ilipopanda na kushuka niliona trela ikitikisa kichwa kama mbuzi anayekataa kamba. Kisha pakatokea tuta moja kwenye daraja. Hakukuwa na mlio mkubwa niliouogopa. Bampa nzima ilichomoka, pamoja na chuma cha shemasi, pamoja na minyororo ya usalama iliyofungwa pale pale, na trela ikainamisha pua, ikalamba lami, ikaanza kuja kwetu. Cheche zilijaa kioo. Baba alipiga breki na kukata usukani. Trela ilipita upande wa bibi, karibu kiasi kwamba kioo cha pembeni kiling'oka, ikaingia majanini, ikalala ubavu. Ngoma moja ilitoka, ikaviringika peke yake mpaka kwenye uzio.

Hakuna aliyeumia. Mama alitugusa vichwa mmoja mmoja akituhesabu, alimaliza, akaanza upya. Bibi alikaa akitazama mbele, mikono mapajani, akisema tu, "Eh. Eh. Eh."

Shemasi alikuja mbio kutoka mbele. Aliokota ile bampa kwenye majani. Chuma chake kilikuwa bado kimeshikana nayo barabara. Kilichochanika ni fremu. Lakini hakuangalia fremu. Alipiga magoti mbele ya gari letu, mtu mzima yule, akamwambia bibi, "Koko, munisamehe. Ni mkono yangu. Nilichomelea mubaya."

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikuitoa.

Tulipofika Louisville aligawa mashine yake. Miaka kumi na minne sijamwona akishika chuma. Lango la kanisa likivunjika, anasema, "Muite mwenye kujua." Kila Jumapili ananisalimu, "Fundi yetu!" na kila Jumapili naitikia nikitazama viatu vyake. Bibi alifariki bila kuniuliza tena kuhusu mahali nilipopita.

Yule mwenye mashua nilimwambia sitamfungia chochote nyuma ya kampa ile mpaka chuma kipya kipitishwe chini yake, kirudi hadi kwenye ekseli, na hata hapo aulize kwanza sheria, kwa sababu kuna majimbo yanayokataa kabisa gari moja kuvuta vitu viwili. Akanuna, akaondoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa shemasi. Nilimweleza yote: rula, mstari, kochi la Clintonville, mdomo niliofungua asubuhi ile. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka chai yake ikaota ngozi.

"Donc ilikuwa fremu," akasema.

"Ilikuwa fremu. Chuma chako hakikuachia."

Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena. "Miaka kumi na mine, mwana. Muke yangu ananiomba nitengeneze kitanda tu, nakataa." Akasukuma kikombe. "Bon. Enda. Sikufukuzi, unasikia? Lakini leo enda."

Nikaenda. Nilikaa garini mbele ya nyumba yake, nimeshika ufunguo, nikishangaa kwamba mstari mmoja unaweza kukaa ndani ya maisha ya mtu mwingine muda wote huo.

Jumamosi za karatasi hazipo tena. Mama anaelekeza simu kwenye barua, simu inamsomea, na wadogo zangu wakiulizwa kitu wanajibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Watu wa meza ile wametawanyika, wengine Columbus, wengine huku, wachache wamebaki Buffalo kwenye theluji. Hakuna mtoto anayetazamwa na chumba kizima kama nilivyotazamwa mimi, na sijui kama nihuzunike au nimshukuru Mungu. Shemasi bado hajaniita. Mimi, nikisoma mbele ya mtu siku hizi na nikakwama, nakwama kwa sauti, nasema hapa sielewi.