Ukucha wa Bibi Harusi

Mtaani Malindi, Salhiya Pandu alijulikana kwa hina. Hospitalini alijulikana kwa jambo jingine. Alikuwa muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, na kabla ya kuiamini mashine yoyote humminya mgonjwa ukucha, akauachia, akatazama damu inavyorudi. Ikirudi upesi, hushukuru. Ikichelewa, huita daktari.

Mchana mmoja wa mwaka 2003 akaletwa Arwa, bibi harusi wa juzi tu, aliyeteleza ngazini kwao Shangani akaangukia ubavu. Salhiya alimtambua mara moja. Hina ya harusi alimpaka yeye mwenyewe, maua mpaka viwikoni, na kucha zote akazipiga piko, ile rangi ya urembo, zikawa nyeusi ti!

Arwa alikuwa akizungumza, tena akiona haya kuvuliwa ushungi mbele ya watu. Presha yake haikuwa mbaya. Lakini kibanio cha mashine, kile kinachobanwa kidoleni kupima hewa na mapigo ya damu, kilikataa kusoma. Daktari Zahran akakihamisha kidole hadi kidole. Wapi!

"Ni piko hiyo, daktari," Salhiya akasema huku akicheka. "Mabibi harusi wote ndivyo walivyo. Hiyo kazi yangu mimi."

Wakacheka wote, hata Arwa. Kibanio kikawekwa kando. Salhiya hakuminya ukucha. Angetazama nini, na zote nyeusi?

Akatoka kwenda kumtuliza mama mtu, Bi Tamima, aliyekuwa akilia mlangoni. Aliporudi, joto la kaskazi lilikuwa limemtotesha kila mtu jasho.

"Bi Salhiya," Arwa akaita kwa sauti ndogo. "Nifunike. Nnaona baridi."

Baridi! Salhiya aliduwaa. Akampapasa goti, mahali ambapo hina yake haikufika. Lilikuwa la baridi kama mtungi. Akamfunua mdomo wa chini, mweupe. Akaminya paji la uso, akaachia, na weupe ukaganda pale pale. Presha ilimhadaa, maana mwili wa kijana huibana damu iliyobaki mpaka unapochoka. Damu ilikuwa ikimwagika tumboni, haifiki vidoleni, na Salhiya alikuwa akicheka.

"Daktari! Anavuja ndani! Si piko, jamani, si piko!"

Arwa alikimbizwa kupasuliwa. Bandama ilikuwa imechanika. Salhiya akabaki ukumbini. Hata alipoambiwa kwamba msichana yu hai, hakulia wala hakushukuru. Alikaa chini sakafuni, mdomo wazi, akiitazama mikono yake.

Tangu siku hiyo kila bibi harusi aliyempaka alimwachia ukucha mmoja mtupu, wa kidole cha mwisho. Walilalamika, mama zao wakanuna, naye hakuwaeleza kitu.

Mwaka uliofuata Arwa alitimiza arubaini ya uzazi, akamwita aje ampake. Salhiya akapaka ukucha baada ya ukucha, mpaka kikabaki kidole cha mwisho. Arwa akakikunja mwenyewe, akakificha kiganjani kisipakwe.