Kicheko cha Kamera Namba Mbili

Mpiga kamera huyu kazini walimwita Cheko, na jina lilimkaa. Kipindi cha asubuhi hakikuwa na watazamaji studioni, basi mtangazaji akitupa mzaha, wa kuudaka alikuwa yeye. Kha-kha-kha! nyuma ya kamera namba mbili, mpaka hewani kicheko chake kikasikika. Sura yake haikuonekana hata siku moja, lakini mama yake hakukosa kipindi. Kila jioni alimpokea mlangoni kwa neno lilelile: "Leo nimekusikia, mwanangu." Na Cheko, mtu mzima na ndevu zake, kichwa kikamvimba.

Siku moja aliletwa studioni mama mmoja mfagizi wa shule, aliyejifunza kusoma ukubwani. Alivaa gauni lake la kutokea, na jina lake alikuwa ameliandika kwenye karatasi aje kulionyesha. Akatabasamu. Mbele hapakuwa na meno.

"Hongera, mama," mtangazaji akasema. "Kusoma umejua. Meno je, uliyaacha darasa la ngapi?"

Jamani! Hata kama mdomo hauna breki, hilo nalo ni la kusema? Lakini Cheko hakungoja kulipima. Kicheko kilimtoka, kirefu, cha tumboni kabisa. Kwenye kioo cha kamera yake akamwona yule mama akipeleka kiganja mdomoni. Hakukiondoa mpaka kipindi kikaisha, na ile karatasi ikabaki imekunjwa mapajani.

Hapo ndipo Cheko alipomkumbuka mama yake. Mapengo ni yaleyale, na miaka yote wanakula pamoja hakuwahi kuyaona kuwa ni kitu. Roho ikamsuta.

Jioni mama yake alimfungulia mlango, akampisha; lile neno la kila siku hakulisema. Akampakulia chakula. Mtandio alikuwa ameuvuta mpaka puani. Cheko, kwa kiherehere cha mwenye kosa, akauliza, "Mama, jino linakuuma?"

"Lipi, baba?"

Cheko akalirudisha tonge sahanini.

Kesho yake mtangazaji aliomba radhi hewani, mkono kifuani, akasema maneno yale yalimponyoka. Kicheko hakikutajwa na mtu. Cheko alitamani kitajwe, afokewe, asimamishwe kazi hata wiki, chochote kile. Wapi! Wenzake walimpiga begani wakaenda kunywa chai. Alirudi nyumbani mbio, hata viatu hakuvua.

"Mama, nisamehe. Aliyecheka jana ni mimi."

"Najua. Kicheko chako nitakosaje kukitambua, nami kila asubuhi nakaa kukisubiri?" Akamshika kichwa kama zamani. "Nimeshakusamehe, mwanangu. Kaa ule."

Na kweli alikuwa amesamehe. Cheko aliliona hilo machoni pake. Alikaa, akala, akamsimulia mambo ya kazini, mpaka mama naye akacheka. Alicheka huku ameushikilia mtandio mdomoni.