Harusi Niliyoitunga Mbele ya Wazazi

Mimi ndiye mwalimu wa maktaba, na orodha ya vitabu vya kusoma likizo ndiyo jeuri yangu. Mwaka huu, kwenye mkutano wa shule, niliwasifia wazazi riwaya niliyonunua kwa muuza vitabu vikuukuu, kando ya kibanda cha Mama Atieno muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kaloleni. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa, lakini mtu kama mimi aseme hajui mwisho? Nikatunga harusi ya kukata na shoka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wazazi wakaazimana kalamu waandike jina la kitabu, nami nikavimba kama andazi.

Ndipo Mama Atieno, naye mzazi, akasimama.

"Mwalimu, harusi gani? Bwana harusi alihepa! Kurasa za huo mwisho si ndizo nilizokufungia omena jana? Hukusoma?"