Macho ya Bi Khadija wa Faza

Nilitoka Lamu kwa sababu ya barua. Maombi yangu ya ufadhili wa chuo kikuu yalitaka barua ya kuthibitisha kwamba nimejitolea katika jamii, na mimi tangu nimalize shule sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kumsaidia baba dukani kwake Langoni. Niliposikia kwamba Bi Saumu, muuguzi wa macho, anatafuta msaidizi wa siku tatu kisiwani Pate, nikaenda kujiandikisha. Niseme ukweli mapema: macho ya watu hayakunishughulisha. Nilitaka kuwa mhandisi wa kompyuta.

Jumatano alfajiri, gatini Lamu. Usiku ule sikulala. Wengine husema wasiwasi ndiyo akili, lakini wangu huninyima usingizi tu. Ndani ya boti nilimwuliza Bi Saumu mara tatu kazi yangu ni ipi, naye mara tatu akanieleza. Ningeshika karatasi yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, na mtu angeonyesha kwa mkono mdomo wa herufi umeelekea wapi. Asiyeweza angeingia chumbani kwake apimwe vizuri. Anayeweza, nimwandike "anaona", aende zake.

"Mimi ni mmoja na watu ni wengi," alisema. "Ukikosea wewe, mimi sitajua."

Maneno hayo yalinikaa kifuani mpaka tukafika.

Faza, kisiwani Pate, saa nne. Tulipewa vyumba viwili vya shule, na foleni ilikuwa imeshafika uwanjani. Kina bibi waliona haya kunyoosha mikono huku na huku mbele za watu. Wakacheka, wakasukumana, foleni ikasimama. Hapo nikajiona mjanja. Nikatoa msahafu wangu mkobani, nikaufungua penye utepe, Surat Al-Kahf, nikawaomba wasome. Mambo yakaenda mbio.

Baada ya adhuhuri aliingia Bi Khadija, mzaliwa wa Amu, yaani Lamu kwetu, aliyeolewa Faza, mwalimu wa chuo cha Qur'ani cha wasichana. Aliniuliza mimi mwana wa nani, nikamwambia, kumbe alimjua bibi yangu. Kisha akausogeza msahafu karibu, akasoma bila kukwama, kwa sauti iliyonituliza roho kwa mara ya kwanza siku ile. Nikawa nafuatana naye kwa sauti ya chini. Nikaandika "anaona".

Alhamisi asubuhi, Mbwajumali, kijiji jirani. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, sanduku la dawa likiwa limefungwa kwa kamba nyuma yangu. Mtu wa kwanza alipokaa, nikafungua msahafu. Utepe ulikuwa pale pale, Al-Kahf, ndipo nikakumbuka. Bi Khadija alikuwa amesoma sura nyingine, Yasin. Yasin tumeihifadhi sote tangu utotoni, ndiyo maana nami nilimfuata bila kuutazama ukurasa. Alikuwa na kitabu wazi mbele yake na hakusoma humo hata neno moja.

Nilifikiria kunyamaza, na ninaandika hivi kwa aibu. Barua yangu ilikuwa bado haijatiwa sahihi na Bi Saumu. Lakini boti ya kuwapeleka Lamu wagonjwa wa upasuaji wa macho ingeondoka Faza kesho yake, na daktari mgeni aliyekuja Lamu hakuwa wa kukaa sana. Nikinyamaza, Bi Khadija angepofuka kwa kalamu yangu. Nikaingia chumbani, nikamweleza Bi Saumu yote.

"Nani alikwambia utumie msahafu?"

"Hakuna."

Alivua miwani, akaifuta polepole. "Watu wote wa jana tutawapima upya kesho mapema. Huyo Bi Khadija nenda kwake leo, ukamwambie mwenyewe."

Saa kumi, Faza tena. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na nilipofika yote yakanitoka. Bi Khadija alikuwa chuoni peke yake, watoto wamekwisha kuondoka.

"Bi, jana nilikosea," nilisema. "Sikutazama ukurasa. Ilikuwa Kahf."

"Nayua," alijibu. "Nalikusikia wanifuata, nikayua hutatazama."

"Sasa kwa nini, Bi?"

"Mato yangu yana ukungu, huu mwaka wa pili. Wana wakisoma nawasahihisha kwa shikio. Wazee wao wakiyua sioni, chuo watampa mtu mwingine. Nami nitakaa nyumbani na kuta?"

Nilimwambia tu kwamba naogopa.

"Waogopa nini, mwanangu?"

"Ukipofuka kabisa, nitajua ni mimi."

Alinitafuta mkono, akaupata mara ya pili. "Basi kesho unishike mkono ndiani mpaka botini," alisema. "Nisianguke mbele za watu."

Ijumaa, safari ya kurudi. Tuliwapima watu upya kwa ile karatasi ya E, tukapata wengine wawili niliowapitisha kwa ujanja wangu. Maji yalipojaa tukapanda boti, Bi Khadija amenishika mkono kwa nguvu hata kucha zake zikaniachia alama. Lamu daktari akampasua, nami nikangoja nje mpaka akatolewa.

Nimejifunza kwamba nia njema haitoshi: mtu aweza kumdhuru mwenzake kwa haraka ya kumsaidia. Kozi nimebadilisha, nimeomba uuguzi wa macho. Baba alinuna siku mbili, kisha akauliza kama wauguzi wa macho hupewa miwani ya bure. Wasiwasi haujaniacha, ila sasa nimeupatia kazi.

Siku bendeji ya Bi Khadija ilipofunguliwa, Bi Saumu alinipa mimi karatasi ya E niishike. Bi Khadija alikaa upande wa pili wa chumba, akanyoosha mkono kulia. Nikautazama mkono wake, nikatazama herufi, vikaelekea upande mmoja, nikarudia.

"Mbona huandiki?" aliuliza.

"Ngoja kwanza, Bi," nilimwambia. "Natazama."